Si Mbalanga

Kwa Tabibu Velukutti hakuna mtu aliyewahi kuwa na mba. Ulikuwa na kushtam. Harara ya mtoto mchanga, kushtam. Choa cha shingoni, kushtam. Tarishi wetu alipokwenda kumlalamikia unga mweupe unaomtoka kichwani na kumchafulia shati la serikali, mzee alimpekua nywele, akafuta vidole kwenye shuka yake ya begani, akatangaza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Kushtam, bwana tarishi. Lakini ndogo." Tarishi akacheka, na sisi tuliokuwa barazani tukisubiri zamu tukacheka, akaondoka na chupa yake ya mafuta.

Mgeni asingecheka. Kwa watu wengine wote wa nchi hii, neno hilo ni ukoma, basi, halina maana ya pili. Lakini katika vitabu vya majani ya mtende alivyoachiwa na babu yake, kushtam ni kila kinachoharibu ngozi ya binadamu, aina kumi na nane, kubwa saba na ndogo kumi na moja, ukoma na mba wamo kapu moja. Mzee alisema hawezi kuitukana elimu ya babu yake kwa kuzungumza lugha ya sokoni. Mfanyabiashara mmoja wa nazi alikuja na ukurutu wa goti, akaambiwa neno lile, akaruka ukuta wa baraza na kuacha viatu. Viatu vilinyeshewa pale msimu mzima. Sisi wa mtaani tulikwisha kulizoea tangu utotoni. Watoto walitaniana kwalo wakiogelea bwawani: "Toka hapa, kushtam ndogo wewe!"

Nayasema haya kwanza kwa sababu kila anayesikia habari za Valsala huniuliza, "Kwani hamkuambiwa?" Tuliambiwa. Wasingeuliza ningewashukuru.

Valsala ni mtoto wa kaka yangu Kesavan. Kaka alikufa mapema, akaacha mtambo wa kufumia, mke wake Chellamma, na binti huyo mmoja. Mimi sikujaaliwa mtoto, na mume wangu aliona hiyo ni sababu tosha ya kunirudisha kwetu. Basi nikarudi, nikakaa na wifi yangu, tukagombana kila siku iliyoumbwa na Mungu, na kati ya ugomvi na ugomvi tukamlea mtoto.

Mtaa wetu ni wa wafumaji. Asubuhi husikii jogoo, unasikia mitambo. Tunafuma nguo nyeupe za pamba zenye mpaka wa zari, zile ambazo harusi haiendi bila hizo. Kazi yenyewe kila mtu anaiweza, isipokuwa jambo moja. Uzi wa mtande ukikatika lazima uungwe, na wengi wetu tunaufunga fundo, na fundo ukigeuza nguo unaliona, limekaa pale linakuaibisha. Valsala hakufunga fundo. Alishika ncha mbili, akazisokota kwa ncha za vidole, macho yako dirishani, mdomo unanung'unika wimbo wa redioni, na uzi ukawa mmoja. Ungegeuza nguo yote usione kitu. Mimi nimefuma tangu sijaota matiti na sijawahi kuliweza jambo hilo.

Ndiyo maana mama yake Sasidharan alikuja. Nyumba yao ina mitambo mingi na vibarua. Alikaa kwenye mkeka, hakumtazama binti, aliomba nguo. Akaigeuza. Akaipitisha kiganjani dhiraa kwa dhiraa, kisha akairudisha imekunjwa.

"Sura nzuri zimejaa duniani," alisema. "Mimi nimekuja kuposa vidole."

Tukacheka, tukaleta ndizi za kukaanga. Sasidharan mwenyewe, aliyemsindikiza mama yake, alikuwa kijana wa kujichekea, ananukia mafuta ya nywele, na nilivyomwona Valsala anamchungulia toka jikoni nilijua mambo yamekwisha. Mnajimu ndiye aliyetuchelewesha. Alisema nyota zao hazikai pamoja hadi baada ya sikukuu ya Onam ya mwaka unaofuata. Tukakubali. Binti alikuwa na mwaka mzima wa kungoja.

Mvua zilipoanza, Chellamma aliniita bafuni.

"Wifi, njoo uone."

Juu ya kiwiko cha kulia cha mtoto, mahali mkono wa blauzi unapoishia, palikuwa na baka. Kiasi cha jani la tambuu. Rangi imepauka na ngozi ni kavu.

"Mbalanga," alisema Chellamma kwa mnong'ono, kana kwamba baka lina masikio. Kisha akanigeukia. "Ni wewe. Unampa samaki mchana, jioni unampa uji wa maziwa. Kila mtu anajua samaki na maziwa vikikutana tumboni vinatokea kwenye ngozi."

"Mimi nimekula samaki na maziwa maisha yangu yote. Nitazame. Wapi nimepauka?"

"Wewe umepauka roho."

"Mama, baridi," alisema Valsala, maji yakimchuruzika. "Mkimaliza kugombana mnipe nguo."

Nilijibizana naye kwa mazoea, lakini nilijua anachoogopa. Msichana mwenye mbalanga kwetu haolewi. Haumuui, haumuumi, wala haumwambukizi mtu, lakini haolewi, na watu wakimtembelea hawamalizi chai. Kesho yake asubuhi tulimvisha Valsala blauzi ya mikono mirefu, tukaenda kwa Tabibu Velukutti.

Baraza lilikuwa limejaa. Kinyozi alikuwepo na upele wake wa kila mwaka, tarishi alikuwepo, wake wawili wa mfua dhahabu walikuwepo na mtoto wao. Mzee alimwita Valsala, akamkunja mkono wa blauzi, akatazama. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kutazama sana. Safari hii alitazama.

"Tazama mnazi ule," alimwambia. "Nihesabie nazi."

Valsala akageuka kutazama juu. Mzee akachomoa uzi mmoja kwenye shuka yake ya begani, akaupitisha juu ya baka, polepole, huku na huku.

"Umehisi?"

"Nini?"

"Basi. Nazi ngapi?"

"Tisa. Mbili zimekauka."

Akaupitisha tena, kisha akaminya mkono wake nyuma ya kiwiko, kwenye ule mfupa ambao ukiugonga ganzi inakimbia hadi kidole cha mwisho. Akaufikicha mahali pale kwa muda mrefu. Watu barazani walikuwa wameanza kutazama.

"Si mbalanga," alisema.

Chellamma alifunika uso kwa viganja, akalia. Alimshika mzee miguu. Mimi pia nililia, sioni haya kusema. Wake wa mfua dhahabu walimpiga Chellamma mgongoni, wakampa pole na hongera kwa pamoja.

"Chellamma, sijamaliza," alisema mzee. "Ni kushtam."

Basi baraza zima likapasuka kwa kicheko.

"Karibu chamani, binti!" alisema kinyozi. "Mimi ni katibu."

"Mwenyekiti ni mba yangu," alisema tarishi.

Chellamma naye alikuwa akicheka, machozi bado yako shavuni. "Kubwa au ndogo, tabibu?"

"Kubwa."

"Basi umpe chupa kubwa!" alipiga kelele kinyozi.

Mzee hakucheka, lakini huyo hakuwa mtu wa kucheka hata siku moja, kwa hiyo hapakuwa na cha kushangaza. Alikunjua mkono wa blauzi wa Valsala, akaufunga kifungo mwenyewe. Akasema, "Kesho uje kuchukua dawa. Uje peke yako, Chellamma. Umenisikia? Peke yako."

"Nitakuja, tabibu, nitakuja."

Tuliporudi Chellamma alipita hekalu la mungu Ganapati akavunja nazi ya shukrani. Njia nzima alimwambia kila tuliyekutana naye, hata ambaye hakuuliza, "Si mbalanga."

Kesho yake alikuja mtu wa uzi, yule anayetuuzia kwa kupima. Mtu wa uzi hawezi kuachwa peke yake na mizani, kila mfumaji anajua, na mimi nilikuwa nimekwenda msibani kwa jirani. Chellamma alimtuma Valsala mwenyewe akachukue dawa. Alirudi na chupa ya mafuta, kopo la samli chungu, na mfuko wa unga wa majani.

"Kasemaje?" aliuliza mama yake.

"Kauliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko na mtu wa uzi. Akaingia ndani, akaniletea dawa. Nisile samaki, wala mtindi, wala ufuta. Na kasema unisalimie sana mama."

"Salamu zimefika. Samli inanuka?"

"Inanuka kama fisi."

Toka siku hiyo ngozi ya Valsala ikawa ndiyo kazi ya nyumba. Asubuhi kabla ya kuoga Chellamma alimpaka mafuta ya mwarobaini na manjano, akamkalisha kwenye jua dogo la saa za mapema hadi mafuta yaingie. Kisha alimsugua kwa unga wa choroko, maana sabuni ilipigwa marufuku. Ijumaa ilikuwa siku ya liwa. Samli chungu aliinywa akiwa amejiziba pua, huku mimi nikimshikia kipande cha sukari guru. Kila mafuta yalipokwisha alikwenda kuchukua mengine, wakati mwingine na mama yake, na mzee alitoa bila maneno mengi.

Na ngozi ikapendeza, nani atakataa? Ilikuwa laini, ina mng'ao, ukimshika unadhani umeshika kitu kilichotoka kuoshwa. Wanawake bwawani walimuuliza Chellamma anampaka nini, naye aliwajibu kwa maringo yasiyovumilika. Baka halikuondoka. Tuliapa linapungua. Lilipotokea jingine pajani tuliambizana sumu inatoka, ndivyo dawa za majani zinavyofanya, hutoa kwanza yaliyo ndani. Hakuna aliyekosa usingizi. Mbona tulikwisha ambiwa si mbalanga?

Kiangazi kilipoingia, Valsala alianza kulalamika kuhusu sisimizi. "Wananitembea vidoleni," alisema.

"Umelalia mkono," nilimwambia.

Halafu mfanyabiashara anayenunua kazi zetu akarudisha nguo. Haijawahi kutokea nyumbani kwetu, hata kaka alipokuwa mgonjwa. Nikaigeuza. Ilikuwa na mafundo, mafundo makubwa ya kizembe, kama yangu. Nikamwendea Valsala aliyekuwa ameketi mtamboni, miguu kwenye shimo la kanyagio.

"Haya bibi arusi, mawazo yamekwisha hamia kwa mume, vidole vimebaki na shangazi?"

Hakucheka. Alikuwa ameshika uzi uliokatika, anausokota, unateleza, anausokota, unateleza. Kidole chake cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vya mtu anayeficha kitu kiganjani.

"Shangazi, uzi siuoni kwa vidole."

"Uzi unaonwa kwa macho, mwanangu."

"Mimi nilikuwa nauona kwa vidole," alisema.

Nilimwambia apumzike. Nilimwambia Chellamma amwombe mzee mafuta ya mishipa. Haikupita wiki, tulikuwa jikoni sote watatu tunapika mchana, sufuria ya wali inatokota juu ya kuni, na Valsala akanyoosha mkono akafunua kifuniko cha shaba. Bila kitambaa. Alikishika huku akigeuka kuniuliza kama chumvi imetosha. Nilisikia harufu kabla sijaelewa ninachokitazama.

"Valsala! Mkono!"

"Mkono gani?" aliuliza.

Ndivyo tulivyofika hospitali ya serikali mjini. Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, nywele kazifunga nyuma, hana muda wa kupoteza. Alifunga kidonda, akaona vidole vilivyojikunja, akauliza, "Ana mabaka?" Tukamwonyesha la kiwikoni na la pajani, na mawili ya mgongoni ambayo hata sisi hatukuwa tumeyaona. Alichukua kipande cha pamba, kisha pini. Alimwambia Valsala afumbe macho aseme "ndiyo" kila akiguswa. Tulisimama pale tukimtazama daktari akimgusa na mtoto akiwa kimya.

Daktari akaweka pini mezani. Aliusogeza uso wake karibu na wa Chellamma, akashusha sauti, nikaona anajitayarisha kwa kilio.

"Mama, ni kushtam."

Chellamma akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu! Alimtazama daktari kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyekuletea habari ya jana.

"Ndiyo, daktari, tunajua. Hata tabibu wetu alisema hivyo."

"Alisema lini?"

"Mvua za mwaka jana."

"Mwaka jana?" Daktari alinigeukia mimi, akamrudia yeye. "Mliambiwa mwaka jana, mkakaa naye nyumbani?"

"Tumemtibu, daktari. Mafuta kila siku, samli, choroko. Tazama ngozi yake ilivyo nzuri."

"Mama, unaelewa nilichokwambia?"

"Kushtam," alisema Chellamma. "Si mbalanga."

Daktari akainua mkono wake mwenyewe, mkono mzuri wenye saa ya dhahabu, akavikunja vidole vyake ndani kimoja kimoja hadi mkono ukawa kama wa wale wanaokaa na mabakuli kwenye lango la hekalu kubwa siku za sikukuu. Akauweka hivyo mbele ya macho ya Chellamma. "Kushtam hii," alisema.

Sijui wifi yangu alikaa muda gani anautazama mkono ule. Hakupiga kelele. Alimshika Valsala kichwa akakilaza tumboni kwake, akaziba masikio yake kwa viganja, akiwa amechelewa, maana mtoto alikwisha sikia yote.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alituambia ugonjwa una dawa, vidonge tu, bure, na akishaanza kuvimeza hawezi kumwambukiza mtu. Alisema hata kabla ya hapo si rahisi kuambukiza kama inavyodhaniwa. Alisema tusimfungie chumba wala kumtengea sahani. "Vidonge vitaua ugonjwa," alisema. "Mshipa wa fahamu uliokwisha kufa, huo sina cha kuufanyia. Angekuja mvua zile, huu mkono ..." Alichukua kalamu akaandika.

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha! Tuliyatangaza barazani mbele ya kinyozi na tarishi, tukayachekea, tukayavunjia nazi.

Nilikwenda kwa Tabibu Velukutti moja kwa moja toka kituo cha basi, sikupita nyumbani. Alikuwa nyuma ya nyumba anapika mafuta. Alikuwa amechota mashapo ya majani kutoka chunguni, anayafikicha yawe utambi, ayawashe asikilize. Yakipasuka motoni, mafuta bado yana maji. Yakiwaka kimya, yameiva.

"Mkono wa mtoto umekufa," nilisema.

Aliuweka utambi chini.

"Nilisema," alijibu. "Nilisema waziwazi, Ponnamma. Ulikuwepo."

"Ulisema hivyo hivyo kuhusu mba ya tarishi!"

"Nilisema kubwa."

"Kubwa! Kinyozi akadai chupa kubwa, nawe ukatoa chupa! Mzee mzima, unajua jinsi neno lako linavyosikika kinywani mwako. Unajua hakuna anayelisikia tena."

"Baraza lilikuwa limejaa," alisema. "Ningeshusha sauti, wote wangejua. Ningesema nendeni hospitali, wote wangejua, na mama yake Sasidharan angejua kabla jua halijazama. Kwa hiyo nililisema kama ninavyolisema siku zote, ili lipite. Nikamwambia mama yake aje peke yake."

"Akaja mtoto."

"Akaja mtoto, anachekacheka. Ningemwambia nini yule? Nikampa mafuta."

"Na mwaka mzima? Chellamma mwenyewe alikuja hapa mara ngapi?"

Mzee alitazama chungu chake. Macho yake yalikuwa na machozi ya moshi, au pengine hayakuwa ya moshi.

"Alikuja amechangamka," alisema. "Kila alipokuja alikuwa amechangamka. Nikajua ameelewa. Nikajua anampeleka mtoto hospitali kimyakimya, na mafuta yangu anayachukua watu wayaone. Hata mimi sikutaka kumuuliza, nisimwaibishe. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ana ujasiri ambao sijauona." Akauokota utambi wake. "Nilimheshimu sana, Ponnamma."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha mtaa mzima, nikayakosa. Nyumba yetu haiko hata ng'ambo ya bwawa. Angeweza kutembea. Mzee wa heshima, tungemtandikia mkeka, tungemtoa Valsala nje, angesema sentensi moja. Mwaka mzima alitunza siri ambayo hatukuwa nayo. Nilimchukia pale pale. Siku nyingine namhurumia, halafu namchukia upya kwa kunifanya nimhurumie. Mafuta yake yalianza kuungua, nikamwacha nayo.

Siri nayo haikukaa. Nani alisema sijui. Pakiti za vidonge zina rangi zake na mtaa una macho. Kabla ya Onam mshenga alikuja kutoka kwa akina Sasidharan. Hakuingia barazani. Alisimama uani, akakataa maji, akasema mnajimu wao ametazama upya na nyota zimekataa kabisa. Chellamma alimjibu, "Waambie tumesikia." Sasidharan mwenyewe hakuja, wala sikutegemea aje, ingawa Valsala alichana nywele kila jioni kwa wiki nzima. Alizichana kwa mkono wa kushoto, zikakaa upande.

Chellamma tangu hapo hagombani nami. Nikimchokoza ananiangalia tu. Kuna siku nilimwambia kwa makusudi kwamba wali wake umeungua, ukiwa haujaungua, akasema, "Ndiyo, wifi." Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi. Mtambo tumempangisha mtoto wa jirani, anakuja asubuhi kufuma, na Valsala akimwona anafunga fundo uzi ukikatika, hutoka akaenda kukaa bwawani. Alijaribu kurudi shimoni mwezi wa kwanza wa vidonge. Vidole vitatu vilikuwa vimekwisha kwenda, na kidole gumba kilikuwa kinavifuata.

Vidonge alivimeza vyote, hakuruka hata kimoja. Siku ya mwisho daktari alimpima kwa furaha, akamgeuza mgongo, akamgeuza mikono. Mabaka yote yalikuwa yamefutika. Ngozi ilikuwa moja, laini, rangi moja toka shingoni hadi unyayoni, ngozi ambayo mama yake aliiombea kwa mwarobaini na liwa na machozi. "Umepona," daktari alimwambia. "Huna ugonjwa tena." Akaandika hivyo kwenye karatasi, akapiga mhuri. Akatufundisha namna ya kuutunza mkono: tuuloweke kwenye maji kila siku, tuupake mafuta ngozi isipasuke, tuvinyooshe vidole kimoja kimoja visizidi kujikunja, na tuutazame vizuri kama una kidonda, maana mwenyewe hatajua.

Kazi hiyo nimeichukua mimi, Chellamma haiwezi. Alasiri, baada ya vyombo, tunakaa barazani mimi na Valsala, yeye akitazama barabara. Nauloweka mkono, naukausha, namimina mafuta ya nazi, naanza kiganjani. Nausugua taratibu. Napita kati ya vidole, navinyoosha, vinarudi, navinyoosha tena. Jana nilikuwa nimefika kidole cha mwisho, nimekishika, nakivuta kidogo kidogo kama alivyofundisha daktari, nimekwisha kutoka jasho. Valsala alikuwa anamtazama muuza samaki anayepita na baiskeli yake. Akageuza shingo nusu, bila kuniangalia.

"Shangazi," alisema, "umeshaanza?"